Amana yenye sumu: Tuzishikeje karatasi walizotuachia wazee wetu?

 

Ndugu msomaji, katika makala yetu ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo ni nadra kusikika, nalo ni sumu inayoweza kujificha katika karatasi za zamani. Tumesukumwa kuliandika na tukio tulilolishuhudia wenyewe huko Kibosho, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na kwa kuwa tunaamini kuwa ziko nyumba nyingi zenye masanduku kama lile tuliloliona, tumeona si vyema kulinyamazia.

Familia moja ya Kiislamu ya huko ilitualika kushuhudia kufunguliwa kwa sanduku la bati la babu yao. Marehemu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi, na jioni akiwasomesha watoto wa kijiji Qur'ani. Sanduku lilikuwa limekaa darini, juu ya stoo ya kahawa, tangu alipofariki. Ndani yake, kwa mujibu wa wazee, mlikuwa na stakabadhi za kahawa, vitabu vya hesabu, daftari la wanafunzi wa madrasa, majuzuu na msahafu. Lakini kilichotafutwa hasa kilikuwa karatasi moja tu: hati ya wakfu ambayo ndani yake marehemu alitoa sehemu ya kihamba chake kwa ajili ya msikiti. Mashahidi wake wote wameshatangulia mbele ya haki, masale yaliyokuwa mpakani yameng'olewa upande mmoja, na ndugu wa tumbo moja walikuwa wamefikia hatua ya kutosalimiana kwa sababu ya hatua chache za ardhi.

Sanduku lilipofunguliwa, ilitoka harufu kali iliyotukumbusha stoo za pembejeo. Juu ya karatasi palikuwa na unga mweupe, kama majivu, umejikusanya hasa katika mikunjo ya vitabu. Kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, akachukua daftari la juu, akalipiga pigo mbili tatu gotini ili vumbi limtoke, kisha akalowesha kidole kwa mate na kuanza kufunua kurasa. Haikupita nusu saa akalalamika kichwa, macho yakamwasha, na mikono ikaanza kumwuma. Hapo bibi mmoja mzee aliyekuwa amekaa pembeni akasema, kwa sauti ya chini, kwamba marehemu mumewe alikuwa akinyunyiza dawa ya kahawa katika sanduku lile kila mwaka, ili mchwa wasile maandishi.

Wakatokea wasemaji wawili. Baba mkubwa wa kijana akasema vyote vichomwe moto mara moja. Kijana, ingawa kichwa kilikuwa kikimwuma, akasema hapana, hati lazima ipatikane leo hii. Sisi tulimwomba kila mtu atoke nje kwanza, na sanduku lifunikwe. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyaeleza siku ile na mengine tuliyoyachunguza baadaye.

Sumu ilifikaje katika karatasi?

Mtu asiyeijua historia ya Kilimanjaro anaweza kustaajabu kuona dawa ya shambani imeingia katika daftari. Lakini kahawa ndiyo iliyosomesha watoto wa mlimani na kujenga nyumba zao, na kahawa haikulimwa bila kunyunyiziwa dawa. Wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, yaani KNCU. Mwaka 1934 kilianzishwa kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, jirani kabisa na Kibosho, ambacho tangu mwaka 2001 ndiyo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI.

Maadui wa mbuni ni wengi: kunguni wa kahawa, bungua anayetoboa shina, ruhuka anayetoboa buni, ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Dhidi ya magonjwa ulitumika mrututu na dawa nyingine za shaba. Dhidi ya wadudu zilikuja dawa za kisasa. Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa hiyo na ndugu zake, kama vile dieldrini na lindeni, zilienea Afrika Mashariki. Dieldrini ilipakwa katika mashina ya mibuni kumzuia bungua.

Dawa hizi ziligawiwa kwa wakulima kupitia vyama vyao, na katika vijiji vingi jengo lililohifadhi pembejeo ndilo hilo hilo lililokuwa na meza ya karani. Gunia la unga wa dawa na rafu ya vitabu vilipakana. Kisha mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na KNCU haikurejea hadi mwaka 1984. Makarani waliokuwa na uchungu na kumbukumbu za wanachama wao wengine walizibeba nyumbani, na nyumbani kwenyewe zikawekwa stoo, mahali pale pale palipo na bomba la kunyunyizia na makopo ya dawa.

Hivyo ziko njia mbili. Ya kwanza ni sumu kuingia bila kukusudiwa, kwa jirani mbaya. Ya pili ni mtu kuinyunyiza kwa makusudi akitaka kuokoa maandishi. Tusiwalaumu wazee kwa hilo. Wataalamu wakubwa walifanya vivyo hivyo. Miongozo ya maktaba za nchi za joto wakati wa ukoloni ilishauri majalada yapakwe mchanganyiko wenye kloridi ya zebaki, ambayo ni sumu kali, na hifadhi za mimea iliyokaushwa duniani kote zilitumia zebaki hiyo hiyo katika karatasi zao. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yalipaka vitu vyao aseniki, na baadaye DDT.

Miaka imepita, je, sumu haijakwisha?

Wengi hudhani kuwa dawa ya miaka arobaini imekwisha nguvu. Dhana hii ndiyo yenye hatari kuliko zote. Aseniki na zebaki ni elementi, hazioozi wala hazivunjiki. Zikiwa katika karatasi leo, zitakuwamo na baada ya miaka mia. DDT huvunjika polepole hata shambani kwenye jua, mvua na vijidudu vya udongo. Katika sanduku lililofungwa, penye giza na ukavu, haina kinachoivunja. Dawa nyingine zilizokuja baadaye, zile za jamii ya fosforasi, huisha haraka zaidi, lakini mtu hawezi kwa macho kutofautisha hii na ile.

Tunao mfano hapa hapa nchini. Katika shamba la Vikuge, mkoa wa Pwani, shehena ya dawa kutoka Ugiriki iliyofika mwaka 1986 ilihifadhiwa vibaya hadi ikamwagika ardhini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa hata baada ya mahali pale kusafishwa, udongo ulikuwa bado umejaa DDT. Ikiwa udongo wa wazi uko hivyo, sanduku la bati litakuwaje?

Kuhusu afya, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2015 liliiweka lindeni katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na DDT katika kundi la vile vinavyoelekea kuisababisha. DDT na jamii yake hukaa katika mafuta ya mwili na hupita katika maziwa ya mama kumfikia mtoto. Ndiyo maana chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 matumizi ya DDT mashambani yamekatazwa, ikabakishwa kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao maradhi, kama mbu wa malaria.

Jambo hili haliwahusu wenye masanduku peke yao. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa enzi za Wajerumani na familia zilizo hai hapa Kilimanjaro. Mazungumzo ya kurejeshwa mabaki na vitu vya wazee wetu yanaendelea, na vitu vilivyokaa katika makumbusho yale vingi vilitiwa sumu ili visiliwe na wadudu. Wahindi Wekundu wa kabila la Hopi huko Marekani walirejeshewa vitu vyao vitakatifu, kisha ikagundulika kuwa vina aseniki. Kanuni za nchi ile sasa zinayataka makumbusho kuwajulisha wanaorejeshewa kama wanajua kitu kimetiwa dawa. Nasi siku tukipokea chetu, swali la kwanza liwe: kilipakwa nini?

Namna ya kuzishika

Kanuni ya msingi ni nyepesi: karatasi yoyote iliyokaa stoo ya dawa, au yenye unga au harufu usiyoijua, ihesabiwe kuwa ina sumu hadi vipimo viseme vinginevyo. Unga mweupe huenda ni dawa, huenda ni kuvu, na kuvu nayo ina madhara yake. Kutokuwapo kwa unga au harufu vilevile si dalili ya usalama.

Kwanza, mahali. Sanduku lisifunguliwe sebuleni wala karibu na jiko. Lifunguliwe kibarazani au chini ya mwavuli wa kivuli, penye hewa inayopita lakini pasipo upepo wa kupeperusha. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wakae mbali. Meza ifunikwe kwa nailoni ambayo baadaye itakunjwa kwa ndani.

Pili, mwili. Zivaliwe glavu za mpira, na zilizo bora ni zile za nitrili zinazotumika hospitalini. Glavu za kitambaa hazifai, kwa kuwa hufyonza unga na kuupitisha kwenye ngozi. Barakoa ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa Uviko haitoshi. Itakiwe ile ya kuzuia vumbi laini, ya daraja la N95 au FFP2, nayo ijulikane kuwa huzuia vumbi tu na haizuii mvuke. Ukisikia harufu kali ilhali umevaa barakoa hiyo, funika sanduku na uondoke. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tatu, mwenendo. Asile mtu, asinywe wala asivute sigara akiwa kazini. Kidole kisiloweshwe mate kufunua ukurasa, tabia ambayo wengi wetu tuliichukua tangu madrasa. Kitabu kisipigwe, kisipulizwe, wala kisifagiliwe kwa ufagio. Kisianikwe juani, kwani joto huinua mvuke wa sumu na jua huua wino. Vumbi la mezani lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa. Kazi ikiisha, glavu zivuliwe kwa kugeuzwa ndani nje, mikono ioshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha ndipo mtu atie udhu. Udhu hauchukui nafasi ya sabuni katika jambo hili.

Nne, kupiga picha. Hii ndiyo njia tuliyoifuata Kibosho siku ya pili, na tunaipendekeza kwa kila familia. Mtu mmoja mwenye glavu na barakoa hufunua kurasa, mwingine mwenye mikono safi hupiga picha kwa simu, moja baada ya moja, kwa mpangilio, naye hagusi karatasi kamwe. Karatasi hushikwa mara moja tu, na baada ya hapo kila anayetaka kusoma husoma nakala. Picha ziwekwe mahali zaidi ya pamoja.

Tano, kuhifadhi. Karatasi zitiwe katika bahasha au majalada safi, kisha katika boksi la karatasi ngumu, na boksi liandikwe kwa herufi kubwa: TAHADHARI, HUENDA KUNA DAWA YA KUULIA WADUDU, pamoja na tarehe. Hali ya hewa ya Kibosho ina unyevu mwingi. Karatasi zikifungiwa nailoni kwa miaka zitaota kuvu. Boksi likae juu ya mbao, mbali na ukuta, katika chumba ambacho hakilali mtu.

Sita, vipimo. Iko mashine ya mionzi ya eksirei inayotambua aseniki na zebaki bila kuikata karatasi, lakini DDT huhitaji maabara. Kwa jirani zetu wa Kilimanjaro, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania iko Ngaramtoni, Arusha, ikiwa imechukua nafasi ya ile taasisi ya TPRI tangu sheria ya mwaka 2020. Iko pia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Waulizwe kabla ya kupelekewa chochote. Na kama karatasi zina thamani kwa taifa, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo mafaili yake ya enzi za Wajerumani yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997, ijulishwe, na ielezwe wazi habari ya dawa. Kumkabidhi mtu karatasi zenye sumu bila kumwambia ni kumdhulumu.

Saba, aliyekwisha kuumwa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, jasho jingi, mate kujaa kinywani, kifua kubana au mboni za macho kuwa ndogo ni dalili za kukimbilia hospitali, na daktari aambiwe habari ya dawa, akipelekewa na kopo lake likiwapo.

Je, misahafu na majuzuu?

Swali hili tuliulizwa na bibi yule, nalo ni zito. Twajua kuwa msahafu uliochakaa hautupwi jalalani. Wapo wanaouzika mahali pasafi, wapo wanaouchoma wakimfuata Sayyidna Uthman (R.A.), ambaye aliamuru nakala nyingine zichomwe baada ya kuukusanya msahafu, na wapo wanaouzamisha katika maji. Lakini njia hizi zote tatu, kwa karatasi yenye dawa, zina dhara. Ukichoma, moshi hubeba zebaki na aseniki, na DDT inapoungua hovyo huweza kuzaa sumu nyingine ziitwazo dioksini. Ukizika katika kihamba, mvua ya masika itaichukua. Ukitia katika mfongo, maji yale yale yanashuka kwa jirani wa chini, anayanywa na kunywesha ng'ombe wake. Na kuzuia madhara, kama walivyotufunza wanazuoni wa fiqhi, hutangulizwa.

Kwa hiyo rai yetu ni kuwa msahafu huo ufungwe kwa heshima, uandikwe tahadhari, uwekwe mahali pa juu, hadi wataalamu waseme namna ya kuuondoa na masheikh wa eneo washauriwe. Kuushika kwa glavu si kuudharau. Kadhalika tunatahadharisha kwa mkazo: karatasi kuukuu yenye maandishi isiloweshwe wala kuoshwa maji yake yakanywewa kama kombe. Aliyeandika alikusudia tiba, lakini aliyenyunyiza dawa baadaye hakujua kuwa ipo siku yatanywewa.

Tuwahifadhieje wanaokuja?

Mchwa wapo, na karatasi lazima zilindwe. Lakini ulinzi si lazima uwe sumu. Chumba kikavu, rafu isiyogusa ukuta wala sakafu, usafi wa kila wiki, na kukagua dalili za mchwa mapema, ndizo silaha za kwanza. Kitabu kilichoingiwa na wadudu kinaweza kufungwa vizuri katika nailoni na kutiwa katika friza yenye baridi kali kwa wiki mbili. Baridi huwaua wadudu bila kuacha kitu katika karatasi. Kitabu kinachoshukiwa kuwa na dawa, hata hivyo, kisitiwe katika friza ya chakula.

Ndugu msomaji, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Dini yetu imeipa karatasi uzito huo kwa sababu watu hufa na kusahau, na maandishi hubaki yakilinda haki. Lakini mwili wa anayeisoma karatasi nao ni amana.

Huko Kibosho hati ilipatikana siku ya pili, katikati ya kitabu cha hesabu, imekunjwa mara nne. Pembe moja ilikuwa imeliwa na wadudu kabla dawa haijawafikia, na jina la shahidi mmoja halisomeki. Mipaka inasomeka. Sanduku limefungwa na kuandikwa tahadhari, na kijana anafanya mipango ya vipimo. Tulipoondoka, baba mkubwa na mdogo wake walikuwa wamekaa benchi moja, wameinamia nakala iliyochapishwa mjini Moshi, wakihesabu hatua kutoka jiwe la kisima hadi sale la kwanza. Bibi alikuwa amesimama nyuma yao, akiwauliza kama mwandiko ni wa mumewe kweli. Wakamjibu kuwa ndio.

Wallahu a'lam. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.